Maneno Aliyoyaacha Mkalimani

Bwana Shauri mpya, Mzungu mkuu wa wilaya, alipokuja Mbozi mara ya kwanza, mwaka 1936, Osea alikuwa ametimiza miaka sita katika ukarani wa baraza la Mwene, mtawala wa wenyeji. Alisoma shule ya misheni, akajua kusoma na kuandika, kisha mwalimu mmoja aliyetoka Unyasa akamwongezea Kiingereza. Katika nchi yote ya Mwene hapakuwa na mtu mwingine wa kukaa kati ya Mzungu na mkulima akawafanya waelewane. Osea alilijua hilo, na lilimpendeza. Alivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, akatembea katikati ya njia, na watu wakampisha.

Shule hiyo hakuipata kwa nguvu zake. Mama yao alifariki Osea akiwa bado ananyonya, na dada yake mkubwa, Tabita, ndiye aliyembeba mgongoni. Tabita ndiye aliyeshinda shambani ili mdogo wake ashinde darasani. Hata alipoolewa, alimwambia mumewe kwamba Osea atakula kwao mpaka amalize masomo, na mumewe, Ambilikile, akakubali bila kununa.

Ambilikile alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye maneno machache. Alikuwa amefanya kazi Broken Hill, mji wa migodi upande wa Rhodesia, miaka mitatu, kisha akarudi kwa miguu kupitia Tunduma na sanduku moja la bati kichwani. Watu walitegemea afungue duka kama wengine waliorudi. Yeye alikwenda misheni akaomba mbegu za kahawa, akatengeneza kitalu kando ya kijito cha Ishenta, na mvua za mwaka uliofuata akapanda mibuni kwenye mteremko nyuma ya nyumba yake. Walowezi wa Kizungu walikuwa na mashamba makubwa ya kahawa jirani pale pale, na watu wa Ishenta walizoea kwenda kuyapalilia kwa kibarua. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mmea ule ungekubali kukua kwenye shamba la mtu mweusi.

Ulikubali. Matunda ya kwanza yalipoiva mekundu, majirani walikuja kuyashika kwa vidole. Mwaka ule ule nyumba kumi na nane za bonde la Ishenta ziliomba miche, na Ambilikile akawapa.

Ndipo walipoona hawawezi kwenda kila mtu na lake. Maji ya kijito yalikuwa machache wakati wa kiangazi, na shamba moja likishikwa na ugonjwa, yote yanaweza kushikwa. Wakakutana Jumapili baada ya ibada, wakachagua watu watano kwa kunyosha mikono: Ambilikile, mzee Lwitiko, na wengine watatu. Kazi yao ilikuwa kupanga zamu za maji na kukagua majani. Walichimba mfereji, wakafyeka njia mpaka barabara ya Mlowo, wakaanza kuzungumzia kujenga banda la kuanikia.

Habari hizo zilipofika kwa Mwene, alimwita Osea barazani kwake, asubuhi, wakati watu hawajaanza kuja na mashauri yao.

"Karani," alisema, "hawa watu wa Ishenta walikutana kwa ruhusa ya nani?"

"Walikutana kwa mambo ya shamba tu, Mwene."

"Sikukuuliza walikutana kwa nini."

Mwene alikuwa amezeeka mapema, macho mekundu, goti moja limevimba. Alilisugua goti lile, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayelalamika kwa nduguye:

"Mimi mshahara wangu unatoka kwa Bwana Shauri. Akija ananiuliza kodi. Ananiuliza vibarua wa walowezi, mbona hawatoshi. Hajaniuliza hata siku moja watu wangu wanakula nini. Sasa kama Ishenta watapanda kahawa yao, nani atakwenda kupalilia ya Wazungu? Na kama watachagua wakubwa wao wenyewe, Bwana Shauri ataniweka mimi kwa kazi gani?"

"Wanataka kumwomba Bwana Shauri kibali," Osea alisema. "Wameniomba niwatafsirie."

"Najua. Utawatafsiria. Lakini kumbuka kaptula hiyo ulipewa na nani."

Hakusema zaidi. Wala hakumwambia atafsiri namna gani. Miaka mingi baadaye, Osea alipotafuta mahali pa kujificha ndani ya kumbukumbu zake, hakupata hata amri moja ya Mwene ya kujifunika nayo.

Bwana Shauri mpya alikuwa kijana, uso umeungua jua, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha salamu na cha kuomba chai. Baraza lilijaa. Mwene aliketi kwenye kiti chenye mgongo, Bwana Shauri kando yake, na Osea akasimama katikati. Desturi ya baraza ilikuwa wazi: mtu aseme Kinyiha, karani aseme Kiingereza, na hakuna mtu kumkatiza karani.

Ambilikile akasimama. Alikuwa ameleta tawi la mbuni lenye matunda, akaliweka chini mbele ya meza. Bwana Shauri aliliokota, akaligeuzageuza, akatabasamu. Akauliza kama watu hawa watakubali kufuata masharti ya magonjwa, na nani atawasimamia.

Osea aliuliza swali hilo kwa Kinyiha, neno kwa neno. Ambilikile akajibu polepole, ili shemeji yake aweze kushika:

"Mwambie tutafuata masharti yote. Mwambie tumechagua watu watano wa kusimamia kahawa na zamu za maji. Mwene ni mkubwa wetu, tunamheshimu, na kodi yake tutalipa kama siku zote. Hii ni kazi ya shamba tu. Na kama Bwana ataleta mtu wa kutufundisha, tutamsikiliza."

Osea akageuka kumwelekea Mzungu. Pembeni ya jicho aliliona goti la Mwene, na mkono unaolisugua. Akawafikiria watoto wake wanne, nyumba ya karani waliyokaa, na mkewe Ruti aliyekuwa na mimba ya tano. Alifikiri haya yote kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha akasema kwa Kiingereza kwamba watu wa Ishenta wamejichagulia watu watano wa kuwatawala, na kwamba maji na ardhi ya bonde lile sasa viko mikononi mwa hao watano.

Akaishia hapo. Maneno ya kumheshimu Mwene aliyaacha. Maneno ya kazi ya shamba tu aliyaacha. Masharti, kodi, mtu wa kuwafundisha, vyote aliviacha.

Tabasamu la Bwana Shauri likafutika usoni. Akaweka tawi mezani. Akasema, na Osea akatafsiri barabara kila neno, kwamba Serikali inatawala kwa mkono wa wakuu wa wenyeji; kwamba hakuna mlango mwingine wa kuingilia kwa Serikali isipokuwa mlango wa Mwene; na kwamba habari ya kahawa, kila Mwene ataiamua katika nchi yake, na amri yake itakuwa amri.

Ambilikile alikuwa bado amesimama. Alimtazama Osea kwa muda mrefu, bila hasira. Osea akadhani ni mshangao wa mtu ambaye hakuelewa mambo yalivyoharibika. Kisha Ambilikile akainama kidogo kumheshimu Bwana Shauri, akarudi kukaa kwenye nyasi.

Siku kumi baadaye amri ilitoka: kahawa yote ya Ishenta ing'olewe, maana imepandwa bila kibali. Efraimu, tarishi wa Mwene, alikwenda na watu wenye majembe, na Osea akaenda kuisoma. Watu walisimama kwenye mteremko wa Ambilikile wakisubiri. Kulikuwa na upepo, na Osea alianza kusoma kwa sauti ya chini.

"Soma kwa sauti, shemeji," Ambilikile alimwambia. "Wa nyuma hawasikii."

Osea akasoma kwa sauti. Alipomaliza, Ambilikile hakusubiri watu wa Efraimu. Alichukua jembe lake mwenyewe akaanza na mbuni wa kwanza kabisa aliopanda. Tabita alitoka nyumbani, akafunga kanga kiunoni, akaja kumsaidia mumewe kuvuta mizizi. Hakumtazama mdogo wake. Baadhi ya mibuni ilikuwa na maua, na harufu yake nzuri ilijaa bonde zima mpaka jioni.

Nyumbani, Ruti alimwekea mumewe chakula, akaiona hali yake.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Ni habari ya shemeji?"

"Amri ni ya Mwene," Osea alisema. "Mimi ni mdomo tu."

Aliposikia sauti yake ikisema hivyo, alijua ni uongo.

Kabla ya mwaka kuisha, wanaume wa Ishenta walianza kuondoka. Walikuwa wamechoka kupalilia kahawa ya wengine baada ya kuonja yao. Waliondoka wawili wawili, watatu watatu, wakashika njia ya Tunduma, wakavuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba. Ambilikile naye akaenda. Alimwambia Tabita atakaa miaka miwili. Mfereji ulizibwa na matope kwa kukosa wa kuuzibua. Njia ya kwenda barabara ya Mlowo ikaota majani. Mhindi aliyekuwa amepima mahali pa kujenga duka, kwa kusikia kwamba Ishenta kutakuwa na kahawa, aling'oa vigingi vyake akaenda kujenga kwingine.

Mwaka 1941 barua ilifika barazani kutoka kwenye mgodi mmoja wa huko. Ilikuwa ya Kiingereza, imeandikwa kwa mashine, nayo iliandikiwa mke wa Ambilikile. Osea aliisoma kwanza peke yake. Kisha akatembea nayo mpaka Ishenta, akamkuta Tabita anapukuchua mahindi, akaketi chini mbele yake na kumsomea kwa Kinyiha. Mwamba uliporomoka. Watu watatu. Wamezikwa pale pale. Kampuni inatoa pole.

Safari hii hakuacha neno, hata tarehe, hata cheo cha aliyetia sahihi. Tabita alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante kwa kunisomea vizuri," akainuka akaingia ndani. Osea alibaki uani na zile punje za mahindi, hajui aondoke au angoje.

Ng'ambo ya mto, kwa Mwene mwingine, mambo yalikwenda tofauti. Osea hakupenda kwenda huko, lakini kazi ilimpeleka. Mwene wa ng'ambo hakuwa mwema kuliko wa kwao. Wengine walisema alikunywa pombe zaidi. Ila kwao desturi ya kale ilikuwa haijavunjika: amri haitoki mpaka wazee wa koo wakae, wazee wakikataa imekataliwa, na Mwene aliyewapuuza alijua wanaweza kumweka nduguye kitini. Nao wazee, wengi wao, walikuwa wameshachukua miche kutoka kwa Ambilikile. Bwana Shauri alisema kila Mwene aamue kwake, nao wakaamua. Kahawa iliachwa. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Osea alihesabu kwa macho paa za bati upande ule mpaka akaacha. Walikuwa na shule ya matofali. Walikuwa na banda la kuanikia kando ya barabara, na lori lilifika mpaka mlangoni. Mvua iliyonyesha kwao ndiyo iliyonyesha Ishenta, na udongo ulikuwa ule ule mwekundu.

Alirudi akipita kando ya nyumba zenye wanawake na wazee peke yao, akiinamisha kichwa asisalimiwe.

Mwaka 1947 Serikali ilibadili mawazo. Sasa ilitaka wenyeji walime kahawa, ikaleta bwana shamba na miche. Lakini vibali vilipita kwa Mwene, na Mwene akavigawa kama alivyogawa kila kitu: kwanza wanawe, halafu wakwe zake, halafu watumishi wa baraza. Osea alipata kibali chake siku ya kwanza. Ishenta hawakupata hata kimoja, maana walikuwa na sifa ya ukaidi. Osea angeweza kukataa. Alisimama na ile karatasi mkononi, akajiambia kwamba akikataa itakwenda kwa mtu mwingine na Ishenta haitafaidika kitu. Akapanda. Mibuni yake ilizaa vizuri. Akaezeka nyumba kwa bati, akapeleka watoto shule, na kila msimu wa mavuno aliona aibu kuyatazama yale matunda. Alimtuma Ruti ampelekee Tabita debe la unga na kipande cha sabuni. Tabita alipokea na kushukuru. Hakuwahi kurudisha, wala hakuwahi kuja.

Mwene alifariki mwaka 1951, na mwanawe aliyemrithi alikuta dunia nyingine. Mwaka uliofuata ilitangazwa kwamba vibali vimekwisha, mtu yeyote apande, na wakulima waunde chama cha ushirika chao. Wanachama wenyewe ndio watakaochagua mwenyekiti na katibu. Mwene ataalikwa kama mgeni.

Wiki moja kabla ya mkutano, mzee Lwitiko alikuja kwa Osea akitembelea fimbo. Yeye peke yake, katika wale watano wa zamani, ndiye aliyekuwa bado hai na bado yuko Ishenta.

"Tumezungumza," alisema baada ya salamu ndefu. "Tunataka wewe uwe katibu. Unajua kuandika, unajua Kiingereza, na unaijua Serikali ndani na nje. Mashauri yetu yakifika mbele ya Wazungu, tunataka mtu wetu ayaseme."

Osea alitikisa kichwa. "Mzee, mpo wengi."

"Tupo wengi, lakini wa kusema ni wewe. Ambilikile alikuwa shemeji yako. Kama angekuwepo, naye angekutaja."

Mzee alipoondoka, Osea hakuweza kumaliza chakula. Kesho yake asubuhi alimwambia Ruti kila kitu, tangu goti la Mwene mpaka yale maneno aliyoyaacha. Ruti aliacha kufagia.

"Miaka kumi na sita," alisema. "Miaka kumi na sita nimelala na jambo hilo kitanda kimoja."

"Nifanye nini?"

"Mimi unaniuliza? Nenda ukamwambie mwenye mume."

Akaenda Ishenta. Tabita alikuwa amezeeka. Mgongo umepinda kidogo, mikono imekuwa migumu. Alimpa Osea kigoda, mwenyewe akaketi juu ya mkeka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo hukumtuma Ruti."

"Leo nimekuja na neno langu mwenyewe." Akaanza, akakwama, akaanza tena. Alisema yote, macho yake chini kwenye mkeka. Alipofika kwenye maneno yenyewe, aliyasema kama Ambilikile alivyoyasema, moja baada ya jingine, maana hakuna hata moja alilolisahau. Kisha akangoja.

Tabita alikuwa anachambua maharage. Hakuacha.

"Hayo nayajua," alisema.

Osea akainua uso.

"Wewe ulidhani alikuwa anachimba Broken Hill. Hakuchimba. Alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja, fundi wa mitambo, miaka yote mitatu, na mke wa yule Mzungu hakujua lugha nyingine ila Kiingereza. Siku ile barazani alikusikia. Alikusikia kila neno."

Osea akaukumbuka ule mtazamo mrefu, usio na hasira, aliouita mshangao.

"Mbona hakusema?"

"Hilo na mimi nilimwuliza, siku hiyo hiyo. Nililia, nikamwambia nenda ukamwambie Mzungu kwamba karani amesema uongo. Akaniambia, 'Nikisema, watamfunga Osea. Ana watoto wanne na wa tano yuko tumboni, na wewe ndiye uliyemlea. Utamtazamaje?'" Tabita alitupa harage bovu. "Basi. Akanyamaza. Kahawa yake ikang'olewa, naye amenyamaza. Akaenda akafa, na amenyamaza."

"Na wewe, dada? Miaka yote hii hukuniambia kwa nini?"

"Ningekwambia nini? Nilikuwa nakungoja wewe." Hapo akamtazama usoni. "Ulikuja na barua ya kifo, nikasema leo atasema. Hukusema. Ulipopata kibali, nikasema sasa atasema. Ukaleta sabuni."

Osea alifunika uso kwa mikono yote miwili akalia, mtu mzima mwenye mvi, juu ya kigoda. Tabita hakumbembeleza. Aliendelea na maharage yake mpaka ungo ukaisha, kisha akasema, "Mimi umeniambia. Wale wengine je? Walikuwa nyumba kumi na nane."

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa kanisa. Wakulima walifika kutoka mabonde yote ya nchi ile, wanaume wameketi mbele, wanawake wamesimama nyuma kando ya ukuta, kwa kuwa hakuna aliyesema kama wanawake ni wanachama au si wanachama. Mwene kijana aliketi kwenye kiti cha wageni. Lwitiko alichaguliwa mwenyekiti bila upinzani, na mara tu alipokaa, mtu akapaza sauti, "Katibu awe karani Osea!" Wengi wakaitikia.

Osea akasimama.

"Sistahili," alisema. "Na nitawaambia kwa nini, halafu mfanye mnavyoona."

Akasema. Hakumtaja Mwene wa zamani isipokuwa kusema kwamba hakumwamuru. Alisema maneno ya Ambilikile kwa Kinyiha, kisha akasema yale aliyoyaweka yeye mahali pake. Alisema pia kwamba Bwana Shauri, kabla hajasikia maneno hayo ya uongo, alikuwa ameshika tawi la kahawa na anatabasamu.

Kisha Lwitiko akaongea, bado amekaa, fimbo katikati ya magoti.

"Mwanangu wa kwanza alikwenda kwenye migodi ya Luanshya kwa sababu ya kahawa ile. Hajarudi. Nimesikia ana mke wa huko na watoto wasiojua lugha yangu." Akamgeukia Osea. "Nami juzi nilikuja kwako nikakwambia wewe ndiye wa kutusemea."

Hapo kelele zikalipuka. Mmoja alisema mtu huyu afukuzwe leo hii, kahawa yake isiguswe na chama. Mwingine akasema ing'olewe, aone uchungu wake. Mwene kijana akainuka kwenye kiti chake, akanyosha mkono kama alivyomwona baba yake akifanya, akaanza, "Mimi naamuru..."

"Mwene, samahani," Lwitiko alimkatiza kwa adabu. "Leo umekuja mgeni. Tuachie tulimalize sisi."

Mwene kijana alitazama huku na huku. Hakuna aliyeinuka kumtetea. Akakaa.

"Wanaotaka afukuzwe, mikono juu," Lwitiko alisema.

Mikono ilikuwa mingi. Osea aliitazama yote, mmoja mmoja, akamjua kila mwenye mkono. Lwitiko alihesabu kwa fimbo. Kisha wasiotaka. Walizidi kwa saba tu. Mzee mwenyewe hakunyosha mkono upande wowote.

"Basi anabaki mwanachama," alisema. "Katibu atakuwa mwingine."

Wakamchagua mwalimu Anyitike, kijana wa bonde la juu. Kabla hajapewa kalamu, sauti ya mwanamke ilisikika kutoka ukutani.

"Kama jina lake linabaki," Tabita alisema, "na langu liandikwe. Shamba la Ambilikile ni la kwangu sasa. Sitaki liandikwe kwa jina la mwanamume yeyote."

Walibishana juu ya hilo muda mrefu kuliko juu ya Osea. Wengine walisema haijawahi kuonekana. Wengine walisema, na karani mwongo kubaki mwanachama, imewahi kuonekana? Walipopiga kura, mikono ilitosha. Osea alinyosha wake pamoja na wengine, na Anyitike akaandika jina la Tabita akimwuliza herufi moja moja, naye akazitaja, maana Ambilikile alikuwa amemfundisha.

Watu waliondoka bila kumuaga Osea. Wachache walimpa mkono. Lwitiko alimpita akatikisa kichwa.

Juma lililofuata, Osea alichukua jembe na sururu akaenda kwenye mteremko wa dada yake, hakuitwa. Alimkuta ameshapima kwa kamba na kuchomeka vijiti mahali pa mashimo. Osea akavua shati akaanza kuchimba. Mikono yake ilikuwa ya kalamu. Kufikia adhuhuri ilikuwa na malengelenge, na moja limepasuka. Tabita alimletea maji kwenye kibuyu, akasimama kumtazama akinywa.

"Dada," alisema, "umenisamehe?"

Tabita aliyatazama mashimo.

"Sijui, Osea. Siku nyingine naamka nimekusamehe, nafanya kazi zangu vizuri. Siku nyingine naiona ile nyumba yako ya bati kutoka huku, nachukia. Nisikudanganye."

"Na leo?"

"Leo nimefurahi kwamba mtu ananichimbia." Akachukua kibuyu. "Shimo hilo halijafika. Bwana shamba alisema futi mbili."

Osea akarudi shimoni. Alichimba mpaka jua lilipoinama upande wa Tunduma, akaja tena kesho yake, na siku iliyofuata. Mvua zilipofika, miche ilipandwa. Ishenta walizibua mfereji wakaufanya mrefu zaidi, na mwaka wa nne chama kilijenga banda kando ya barabara. Mabati yalianza kuonekana bondeni, moja hapa, mawili pale. Kati ya wale wanaume waliovuka mpaka, walirudi sita tu. Kila mmoja wa hao sita aliporudi, Osea alikwenda nyumbani kwake, akaketi, na kumwambia maneno yale yale tangu mwanzo. Wawili walimfukuza. Mmoja alimpa chai.